Adui Yangu wa Gazetini Nilimtunga Mwenyewe

Nimekosa, wala sitafuti kichaka cha kujifichia. Sikuiba mali ya mtu, sikuvunja nyumba, sikumwaga damu. Nilimnyamazisha binti mmoja aliyekuwa na kipaji kunizidi, nikamnyamazisha mbele ya wasomaji wa nchi nzima, kwa mkono ambao hakuujua kuwa ni wangu. Kosa la namna hiyo halina kifungu katika sheria yoyote niijuayo. Ndiyo maana hakuna aliyenihukumu, na ndiyo maana nimeshindwa kutoka ndani yake hadi leo.

Majina yote nitakayoyataja humu nimeyabadili, ila jina moja la kutungia mashairi. Mambo yenyewe sikuyabadili.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na kazi yangu yote nimeifanyia Bariadi. Kiswahili si lugha niliyoinyonya. Nyumbani tulisema Kisukuma. Kiswahili nilikipokea darasani, mara nyingine kwa fimbo, hadi nikakipenda kuliko wengi waliozaliwa nacho. Nilijifunza vina, mizani, vipande na vituo kama mtu aliyeingia dini ukubwani. Hakosi sala hata moja, na bado moyoni anashuku kwamba hajapokelewa.

Hapo ndipo ulipo ugonjwa wangu. Shaka! Kila ubeti nilioandika niliusikiliza kwa sikio la mtu wa pwani ambaye hakuwapo chumbani, na kila mara mtu yule alicheka.

Siku hizo serikali ilikuwa imelegeza kamba. Chama cha ushirika hakikuwa tena mnunuzi pekee wa pamba. Makampuni ya watu binafsi yalikuja na malori na mizani zao, kila moja likimwita mkulima kwake kama wauza nyanya gulioni. Magazeti nayo yakaota kila upande. Moja kati ya hayo lilitenga ukurasa mzima wa mashairi kila Jumamosi. Bariadi lilitufikia limechelewa, limepauka kwa vumbi la barabara ya Maswa, nasi tuligombea nakala chache kwa Limbu, muuza magazeti wa pale stendi.

Nikaanza kutuma mashairi. Yakachapwa! Mara ya kwanza nilipoliona jina langu limesimama chini ya beti zangu, nililipita duka la Limbu mara nyingi siku ile, nikijifanya nina shughuli upande ule, ili tu nione kama kuna mtu ameufungua ukurasa.

Lakini ewe unayenisikiliza, lazima nikueleze desturi ya ukurasa ule, maana bila hiyo hutaliona kosa langu. Shairi gazetini huishi kwa kujibiwa. Mmoja huuliza swali, wa pili humjibu, wa tatu huingilia kati akidai wote wawili hawajui kitu, na kwa wiki nyingi wasomaji huwa wanasubiri nani atamfunga mwenzake mdomo. Mshairi asiyejibiwa ni sawa na mtu aliyetoa salamu barazani na baraza likaendelea na mazungumzo yake.

Mimi sikujibiwa. Hata mara moja!

"Mwalimu, leo umetoka tena," Limbu aliniambia Jumatatu moja. "Huko chini pembeni, jirani na tangazo la dawa ya kupe."

"Umelisoma?"

"Nimeliona."

Neno hilo moja lilinichoma kuliko tusi. Nimeliona! Kama mtu anavyoona jiwe.

Sasa sikiliza nilikolipata wazo langu ovu. Mjomba wangu alikuwa manju wa mbina, ngoma zetu za baada ya mavuno. Katika mbina, makundi mawili hucheza siku moja, kila kundi upande wake wa uwanja, na ushindi ni wa yule atakayevuta watazamaji wengi. Kwa hiyo manju hutukanana kwa nyimbo. Humtaja mwenzake kwa jina, humcheka miguu, humcheka ng'ombe waliokondeana. Na mjomba alikuwa na siri yake: msimu ulipokaribia, alimpelekea mpinzani wake kibuyu cha pombe na ujumbe mfupi, "Mwaka huu nitukane vizuri."

Nilimwuliza kwa nini anatafuta matusi.

"Manju asiye na adui anaimbia mbuzi," alinijibu.

Nilikuwa mtu mzima, msomi, mwenye kamusi mbili mezani, nilipolikumbuka neno hilo na kuona limebeba wokovu wangu. Kama ukurasa haunipi adui, nitamzaa mwenyewe!

Nikamwita Ngisi wa Pangani. Sikuwa nimewahi kumwona ngisi, wala Pangani sikuwahi kufika. Ngisi nilimsoma katika kitabu cha sayansi: mnyama wa baharini ambaye akitishwa hutoa wino na kupotelea ndani yake. Jina lilinipendeza. Laiti ningelitafakari zaidi!

Nilikaa nikamtungia Ngisi shairi lake la kwanza, la kunishambulia mimi. Ubeti uliokuja kujulikana ulikuwa huu:

Mchunga ng'ombe sikia, weka chini hiyo fimbo,
Vina hutavifikia, kwa kuviswaga kitambo,
Pwani akijililia, mtoto hulia wimbo,
Rudi kamue maziwa, hatutaki wana kambo.

Nisikufiche: niliuandika kwa muda mfupi kuliko muda wa kuchemsha chai, nami nilicheka peke yangu nilipomaliza. Mimi ambaye shairi moja hunichukua wiki mbili za kufuta na kuandika!

Bahasha isingeweza kugongwa muhuri wa posta ya Bariadi. Nikamtafuta Dulla, dereva wa lori la kampuni moja ya pamba, ambaye alikuwa akisafirisha marobota kutoka kwenye kiwanda cha kuchambulia hadi Tanga. Nilimwomba aniwekee barua posta huko. Aliitazama bahasha, akanitazama mimi, akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo.

"Mwalimu bwana! Kumbe una mtoto wa Kitanga?"

"Ni barua ya kazi tu, Dulla."

"Kazi, ndiyo. Wote hufanya kazi hiyo. Usijali, mimi ni kaburi."

Sikumkanusha. Kumkanusha kungehitaji maelezo, na maelezo sikuwa nayo.

Shairi lilitoka. Lilitoka juu kabisa ya ukurasa! Nami, kama nilivyopanga, nikajibu kwa jina langu: beti kumi zilizonyooka kama mistari ya daftari, zikitetea haki ya kila mwananchi kutunga kwa lugha ya taifa. Nilisubiri nchi inishangilie.

Nchi ilimshangilia Ngisi.

Walimwandikia kutoka Songea, kutoka Kigoma, kutoka Moshi. Walimwita bingwa, walimwita bahari, walimwomba asimwache yule mchunga ng'ombe apumue. Mimi walinitaja kama anavyotajwa mbuzi katika habari ya harusi. Nikamtuma Ngisi mara ya pili, nikidhani nitamlegeza ili nimshinde. Hakulegea! Kila nilipokaa kitini kwake maneno yalinijia yakiwa yamevaa tayari, na kila niliporudi kitini kwangu yule mtu wa pwani alirudi naye, akaketi begani mwangu, akaanza kucheka.

Leo najua sababu. Ngisi hakuwa na wa kumwogopa. Ngisi hakuwahi kuulizwa lafudhi yake ni ya wapi.

Mitaani mambo yaliharibika. "Rudi kamue maziwa!" likawa neno la mji. Wapakiaji wa pamba walilitumia kumtania mwenzao aliyeinua gunia vibaya. Darasani nilipokosea kuandika tarehe ubaoni, sauti ilitoka nyuma, taratibu, "Rudi kamue..." na darasa zima likainamisha vichwa likitetemeka kwa kicheko. Limbu naye akaanza kunipokea kwa heshima mpya.

"Mwalimu, mtu wako leo amekupiga! Njoo uone. Njoo, nimekuwekea nakala."

"Na langu je? Limo?"

"Limo, limo. Lakini soma kwanza la Ngisi."

Nyumbani nako moto ukawaka. Maneno ya Dulla yalimfikia mke wangu, mama Masanja, kwamba mwalimu anaandikia mwanamke Tanga kila mwezi. Aliniuliza uso kwa uso, mikono ina unga.

"Baba Masanja, kuna mwanamke?"

Fikiria! Ukweli ulikuwa mdogo na wa kuchekesha. Ningesema, "Hapana, mke wangu, najitukana mwenyewe gazetini," na pengine tungecheka hadi jioni. Nilinyamaza. Niliona heri niitwe mzinzi kuliko kujulikana kuwa mshairi aliyelazimika kujizalia adui. Mama Masanja alirudi kwao kwa msimu mzima wa palizi, na aliporejea hakuuliza tena. Kuna kutouliza kunakoumiza kuliko swali.

Hata hapo ningeweza kusimama. Kosa lilikuwa bado langu na la nyumba yangu. Kisha akaingia Kabula.

Kabula nilimfundisha mimi. Alimaliza kidato cha nne, akakosa nafasi ya kuendelea, akapata kazi ya ukarani katika kituo cha kununulia pamba kule Sapiwi, kijijini kwao, ambako baba yake alilima pamba na kuchunga ng'ombe kidogo. Darasani alikuwa mtu wa kukaa kimya na kuandika. Sikujua kwamba alitunga. Hakuna aliyejua, nadhani.

Jumamosi moja shairi lake lilitoka, kwa jina lake halisi, la Sapiwi, Bariadi. Alimjibu Ngisi. Alikuwa ananitetea mimi! Sikiliza ubeti mmoja:

Hata pamba ina neno, asemaye hajavuna,
Huichubua mikono, weupe wake twaona,
Lugha haina mfano, wa shamba la kugawana,
Mwenye kiu na achote, kisima hakina jina.

Nililisoma nimesimama pale kwa Limbu. Nililisoma tena. Vina vilitimia, mizani ilitimia, lakini si hivyo vilivyoninyamazisha. Binti yule hakuwa na mtu wa pwani begani mwake. Aliandika kama mtu anayezungumza akiwa shambani kwake, na kila neno lilikaa mahali pake bila kuombwa.

"Mwalimu," Limbu alisema, "huyu binti ni hatari! Amemkamata Ngisi pabaya."

Mwalimu wa kweli angelia kwa furaha. Mimi niliona wivu. Ndiyo, niandike neno lenyewe: wivu, mweusi, wa kukauka mate. Kumbe Msukuma angeweza! Kumbe haikuwa lugha, haikuwa pwani, haikuwa maziwa niliyoyanyonya. Ilikuwa mimi. Miaka yote ile nilikuwa na udhuru, na binti wa Sapiwi alinipokonya udhuru wangu kwa ubeti mmoja.

Wiki iliyofuata mhariri aliweka neno dogo chini ya ukurasa: "Je, Ngisi wa Pangani atamjibu Kabula, au wino umemkauka?"

Wino haukukauka. Ole wangu, haukukauka!

Nililiandika jibu kwa ukamilifu wote niliokuwa nao, na Ngisi hakuwahi kuandika vizuri kama siku ile. Sitalirudia lote hapa. Sioni haki ya kulichapisha mara ya pili. Nilimcheka mikono iliyochubuka, nilimcheka baba yake asiyejua kusoma, nikamwambia karani wa pamba apime pamba. Nikakichukua kisima chake, mstari uliokuwa mzuri kuliko yote, nikamfungia hivi:

Kisima kina wenyewe, nawe si wa kukichota.

Nikampa Dulla bahasha. "Msalimie shemeji," alisema, akawasha lori.

Lilipotoka, nchi ilipasuka kwa makofi. Kwa majuma mengi watu walimwiga Ngisi, kila mmoja akimtupia binti yule jiwe lake dogo lenye vina. Kabula hakujibu.

Alikuja nyumbani kwangu badala yake. Alikuja Jumapili baada ya misa, na gauni lake la kanisani, gazeti limekunjwa mkononi.

"Mwadila, Mwalimu."

"Mwadila, mayu," nilimwitikia salamu yetu ya Kisukuma, nikimwita mama kwa heshima. "Karibu, kaa."

Alikataa kiti, akakaa kwenye kigoda. Mama Masanja alimletea maji, akatuacha. Kabula aliyashika maji bila kuyanywa.

"Mwalimu, mimi sikuja kulia. Matusi nimeyazoea, pale kituoni wakulima wananitukana kila siku kwamba mizani ya kampuni inawaibia. Nimekuja kuuliza kitu kimoja, na wewe ndiye unayejua."

"Uliza."

"Ni kweli? Anayosema huyu. Kwamba sina kitu. Kwamba nimebahatisha tu. Ukiniambia si kweli, nitamjibu. Ninalo jibu tayari, hapa." Alijigusa kifuani. "Lakini ukiniambia ni kweli, basi, nitajua."

Rafiki yangu, hakuna mlango uliowahi kufunguliwa mbele yangu wazi namna ile! Neno moja lingetosha. Sikuhitaji hata kumwambia nani ni Ngisi. Nilihitaji kusema tu, "Si kweli," na hiyo ndiyo ilikuwa kweli tupu.

Lakini angejibu. Na jibu lake, lile alilokuwa nalo kifuani, lingemshinda Ngisi, na mimi pia, wote wawili kwa pigo moja.

Nilivua miwani, nikaifuta. Nilisema kwa sauti yangu ya darasani, "Huyu bwana ni mkali, Kabula. Hana adabu. Lakini katika mambo ya ufundi... siwezi kusema amekosea."

Alinitazama kidogo. Kisha akayanywa yale maji yote kwa mkupuo mmoja, kama dawa, akaweka kikombe chini.

"Asante, Mwalimu. Wewe umekuwa mkweli kwangu."

Mkweli! Ndilo neno alilotumia. Akainuka, akamuaga mke wangu, akaenda zake.

Kabula hakuandika tena gazetini. Msimu uliofuata kampuni ile ilifunga kituo cha Sapiwi bila kuaga, kama zilivyofanya nyingi, naye akaolewa Kimali, upande wa Meatu.

Nami nikamnyamazisha Ngisi. Sikumtungia tena hata mstari. Nilidhani nitakuwa huru, nisijue kwamba wasomaji hawamruhusu mtu wao kupotea hivi hivi. Waliuliza wiki kadhaa. Kisha mmoja akatunga kwamba huenda Ngisi ametangulia mbele ya haki, na kwa "huenda" ile peke yake maombolezo yakaanza! Ukurasa mzima ulimlilia mtu ambaye hakuwahi kuzaliwa. Mhariri akaniandikia mimi, mimi mpinzani wake mkuu, akiniomba nimuage marehemu kwa niaba ya washairi wote.

Nilimuaga. Ningefanyaje? Kukataa kungekuwa chuki. Na shairi lile la maombolezo ndilo pekee langu lililowahi kuwekwa juu kabisa ya ukurasa.

Gazeti lenyewe lilikufa baadaye, lakini sifa haikufa. Hadi leo nikiingia mkutanoni, mwenyekiti hunitambulisha: "Huyu ndiye aliyelumbana na Ngisi wa Pangani." Watu hugeuka kunitazama. Wananiheshimu kwa kuwa niliwahi kupigwa na mtu mkubwa. Nilitaka kutambuliwa, nikatambuliwa. Nimo ndani ya utambulisho huo kama ng'ombe aliyeingiza kichwa kwenye chungu.

Mjomba wangu hakuwahi kunaswa hivi. Nimelifikiria jambo hili sana. Adui yake alikuwa mtu mwenye mwili, aliyejibu kwa akili yake mwenyewe, na ngoma ikiisha walikaa wakala nyama pamoja, huku kila mmoja akisifu tusi la mwenzake. Mimi nilichukua tusi nikaacha ile nyama.

Juzi juzi nilishindwa kuvumilia. Nikafunga safari kwenda Kimali.

Nilimkuta Kabula uani kwake, amekaa juu ya turubai, lundo la pamba mbele yake, anachambua. Pamba nyeupe isiyo na doa, safi, aliitupa kulia. Iliyopauka au kuliwa na wadudu, fifi, aliitupa kushoto. Zamani ushirika ulinunua kwa madaraja hayo. Wanunuzi wa soko huria hawakujali; walizoa yote gunia moja, bei moja.

"Bado unachambua?" nilimwuliza baada ya salamu. "Kwani wanakulipa zaidi?"

"Hawanilipi. Mume wangu ananicheka. Lakini Mwalimu, mtu si lazima ajue ipi ni ipi?"

Nilikaa kwenye ukingo wa turubai. Nilikuwa nimeandaa hotuba, yote ilitoroka.

"Kabula, yule Ngisi..."

"Marehemu. Ule wimbo wako wa kumlilia nilisomewa. Ulikuwa mzuri."

"Hakufa. Hakuwahi kuishi. Ngisi nilikuwa mimi."

Mikono yake ilisimama. Kisha akacheka! Alicheka hadi akajifuta macho kwa ncha ya kanga.

"Mwalimu! Usinivunje mbavu. Wewe?"

"Mimi."

"Wewe wa 'Elimu ni taa njema, tuishike tusizame'?"

"Huyo huyo."

Alipoona sicheki, kicheko chake kiliondoka kidogo kidogo, na kilichobaki usoni kilikuwa huruma. Huruma!

"Mwalimu, mimi nakuheshimu. Wewe ndiye uliyenifundisha shairi ni nini. Lakini maiti hanyang'anywi sanda. Yule mtu alikuwa na mdomo wake. Mwachie."

"Naapa, Kabula. Nilikudanganya siku ile. Shairi lako lilikuwa bora kuliko langu, kuliko lake."

"Unaona?" alisema polepole, kama anayembembeleza mgonjwa. "Umezeeka, unaona huruma, unataka kunifariji. Siku ile ulikuwa na nguvu, ukanieleza ukweli. Mimi nilishukuru. Mtu akishajua kwamba ni fifi, hahangaiki tena na bei."

"Wewe si fifi!"

"Basi nitungie," alisema. "Kama wewe ni Ngisi, hapa hapa, ubeti mmoja. Nitukane."

Nilifungua mdomo. Niliyatafuta yale maneno yaliyokuwa yakinijia yamevaa tayari. Uani palikuwa kimya, kuku anaparua, Kabula amenitazama kwa macho mapana ya mwanafunzi anayetaka mwalimu wake afaulu. Nilikuwa nimekaa pale kwa jina langu na uso wangu, na yule mtu wa pwani alikuwa amekaa begani, anacheka. Hakuna kilichotoka. Hakuna!

Nikawaza mashahidi. Karatasi nilizichoma zamani, kwa woga. Aliyebaki ni Dulla, na Dulla angeapa hadi kesho kwamba zilikuwa barua za mwanamke. Mke wangu naye angeapa hivyo hivyo.

Kabula alisubiri kiasi cha adabu, kisha akainama, akaokota pamba. Aliigeuza mwangani, akaona doa, akaitupa kushoto. Nilijua kwamba ungamo langu limekwenda nayo.

Alinifungia karanga za kumpelekea mama Masanja. Aliniaga vizuri. Nilipokuwa nimeshaupita ua wa minyaa nilimsikia akianza kuimba kwa sauti ya chini, maneno yake mwenyewe, kuhusu mwalimu mzee aliyekuja kuazima jina la marehemu. Mizani ilitimia. Vina vilitimia. Nilisimama nyuma ya minyaa nikisikiliza, hadi kijiti kilipovunjika chini ya kiatu changu, naye akanyamaza.

Wewe kijana unayetunga na kutetemeka, unayesubiri Jumamosi yako: kutojibiwa hakuui. Mimi sikufa. Usijizalie adui, maana atachukua mkono wako mzuri na kukuachia mbaya. Nawe mwalimu, nawe mkubwa wa fani, siku mtu atakapokuja kwako na gazeti mkononi, akae kwenye kigoda na kukuuliza, "Ni kweli?", usivue miwani yako kuifuta. Jibu kabla hajayanywa yale maji.

Na Kabula, ikiwa karatasi hii itafika Kimali, hata kama imefungiwa chumvi: ulisema kisima hakina jina, na ulisema kweli. Yule aliyekwambia kina wenyewe hakuwa mwenyeji. Chota, mayu.